Mamba Gustave ana filamu, watu wa Rumonge je?

Mwaka 2004 kituo cha televisheni cha PBS cha Marekani kilionyesha filamu iitwayo Capturing the Killer Croc. Mhusika wake mkuu ni mamba wa Burundi. Anaitwa Gustave, jina alilopewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi nchini miaka mingi, na inasemekana amekula watu wapatao 300 kati ya mto Rusizi na fukwe za Ziwa Tanganyika. Wageni walileta mtego wa chuma mzito kama gari, wakatia chambo, wakatega kamera za usiku. Mamba hakukamatwa. Mwaka 2007 Hollywood nayo ikatoa filamu ya kuigiza kwa kisa chake.

Mwaka huohuo wa 2004, usiku wa tarehe 13 Agosti, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa katika kambi ya Gatumba, mwendo mfupi kutoka mto huohuo.

Sina ugomvi na mamba, wala na waliomfuata. Mpiga picha wa wanyama anafanya kazi yake. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: hao wanaosemekana kuliwa ni nani? Ni wavuvi, ni watoto waliokwenda kuoga, ni akina mama waliokwenda kuchota maji ziwani kwa sababu nyumbani hakuna bomba. Duniani anayejulikana kwa jina ni mamba. Aliyeliwa ni hesabu tu, tena hesabu ya kukisia.

Najua kuna watakaosema afadhali hivyo, maana kamera ikigeukia umaskini wetu inatuaibisha. Hoja hiyo tumeisikia kwa jirani. Mwaka 2004 huohuo (mwaka huo ulikuwa na mengi) Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, filamu kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu vya Mwanza, watoto wa mitaani na wanaokula mapanki yaliyobaki baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba inaichafua Tanzania, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Ni wangapi kati ya walioandamana walikuwa wameiona? Nashuku hawakuwa wengi. Na hilo ndilo kosa la kwanza ninaloliona katika filamu za namna hii, kubwa kuliko hata madai ya ndege kuleta silaha yaliyozua ubishi wote ule: anayepigwa picha ndiye wa mwisho kuiona, kama ataiona. Mzungu wa Paris anakata tikiti na kulia gizani. Mama wa mapanki hajui hata kwamba amekuwa maarufu.

Sasa turudi Rumonge, maana huku kuna jambo ambalo hakuna mamba anayelifikia kwa ukubwa. Jambo hilo ni ardhi.

Aprili 29, 1972 mashambulizi yalianza upande huu wa ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi, Watutsi hasa, wakauawa. Kisha serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, yaliyochukua roho za watu wasiopungua 100,000, na wengine hutaja hesabu kubwa zaidi ya hiyo. Wa mwambao walikuwa na ziwa mbele yao. Waliopata mtumbwi walivuka kwenda Kigoma, na wengi wakaishia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nyuma yao mashamba hayakubaki pori. Mengine serikali iliwagawia watu wengine, mengine yakaingizwa katika mradi wa michikichi. Waliopewa wakajenga, wakapanda, wakazaa, wakazikana hapohapo.

Halafu wenyewe wakarudi. Mkataba wa Arusha wa Agosti 28, 2000 unasema mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 nayo ilimtambua aliyekaa juu ya shamba miaka 30. Hesabu mwenyewe: kutoka 1972 hadi siku mkimbizi anaporudi miaka 30 imeshapita. Kila mmoja ana karatasi ya kumtetea. Tume ya ardhi, CNTB, ilianzishwa mwaka 2006, na mwanzoni ikawa inawagawanyia shamba pande mbili. Kuanzia 2011, chini ya Askofu Sérapion Bambonanire, ikaegemea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Rumonge ilitikisika. Aliyefurahi jana leo anafukuzwa, na aliyefukuzwa jana leo anaingia.

Hili ndilo ninalolitaka katika filamu, na ndilo gumu kulipiga picha. Filamu nyingi za haki za wanyonge zinapenda mnyonge mmoja na mkandamizaji mmoja, kwa sababu saa moja ni fupi na mtazamaji wa mbali hana subira. Rumonge haina huyo mkandamizaji wa kumwonyesha kidole uani kwa jirani. Ina mzee aliyerudi na kuukuta mchikichi alioupanda babake, na ina mjane aliyeuhudumia mchikichi huo miaka thelathini bila kumwibia mtu. Aliyewagombanisha hayupo kwenye picha. Yumo kwenye mafaili ya serikali. Mtengenezaji akimhoji mmoja tu na kwenda zake, amewasha moto, kisha moto huo hatauzima yeye.

Warundi wenyewe wanaiweza kazi hii. Léonce Ngabo alitupa Gito l'ingrat mwaka 1992, na kuanzia 2009 tukawa na tamasha la filamu la FESTICAB. Eddy Munyaneza, katika Histoire d'une haine manquée ya mwaka 2010, aliwatafuta walioficha majirani wao mwaka 1993 badala ya kuwaua. Kabla ya hapo Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995, ilikuwa na kipindi cha redio cha watu wa namna hiyohiyo. Basi desturi ya kusikiliza pande mbili ipo. Kinachokosekana ni fedha, na tuseme kweli, uhuru. Redio zilizochomwa na kubomolewa Mei 2015 ziliwafundisha vijana wengi wenye kamera kwamba harusi ndiyo kazi salama.

Fedha za nje zipo, lakini huja na haraka. Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya mafuriko yaliyowapata watu zaidi ya 200,000, na ziwa lilikuwa limeingia majumbani Rumonge na Gatumba. Kamera zikaja, zikapiga paa lililo juu ya maji, zikaondoka. Picha ya paa haisemi kwa nini huyu alijenga ufukweni na si mlimani. Ukimuuliza, mara nyingi utarudi kulekule kwenye shamba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotoa fedha hizo ni dogo. Filamu ya Rumonge ionyeshwe Rumonge kwanza, kabla ya Ulaya, kwa Kirundi na Kiswahili, kwenye vibanda vya video vinavyojaa watu siku ya mpira. Mzee na mjane wakae waione pamoja, wapinge, wasahihishe, na mtengenezaji awepo ajibu. Ikivuka hapo ndipo ipande ndege.

Tena isianzie wala kuishia upande mmoja wa maji. Wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania, na kumbukumbu zao za Rumonge ziko Katumba na Mishamo. Tume ya Ukweli na Maridhiano, CVR, ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 Karusi mwaka 2020. Mifupa imehesabiwa. Walio hai je? Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipopanda mtumbwi mwaka ule leo amepita 70, na jirani aliyemwona akiondoka ana umri huohuo.