Kisite Si Bahari ya Mzungu

Ukikaa barazani Shimoni au Wasini, pwani ya Kwale, na mazungumzo yakafika Kisite, hukawii kuisikia kauli hii: ile ni bahari ya Mzungu. Imefungwa ili wageni wavae mitungi ya hewa, wazamie na kuwapiga picha samaki ambao mwenyeji akiwagusa anakamatwa. Kauli hiyo imebeba uchungu wa kweli. Lakini hitimisho lake, kwamba kila changu anayeachwa Kisite ameibwa kwenye sufuria ya mvuvi, ni kosa, na kosa hilo linamuumiza mvuvi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kisite ni kisiwa kidogo cha mwamba, na maji yanayokizunguka, kilomita za mraba 28, hayavuliwi kabisa. Jirani yake ni Mpunguti, kilomita za mraba 11, ambako uvuvi wa asili unaruhusiwa. Basi bahari haikufungwa yote. Lililofungwa ni eneo moja, na la kuuliza ni lina kazi gani kwa maji yaliyobaki.

Jibu liko chini, wala si mbali. Matumbawe hulishwa na miani midogo mno iliyomo ndani ya miili yao, nayo inahitaji jua. Ndiyo maana uhai mwingi wa mwamba umejaa kwenye mita chache za juu. Anayedhani kwamba mambo makubwa yako kwenye kina kirefu anajisumbua bure. Mita 10 tu zinafanya mgandamizo uwe mara mbili ya ule wa juu ya maji, hewa ya mtungi inaisha upesi, na rangi nyekundu inafifia machoni. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu, miwani na mrija vinatosha kukuonyesha pono wakikwangua mwamba kwa meno, au mkunga aliyeachama shimoni huku visamaki vikimsafisha kinywa.

Ila mimi ningemwomba kila mvuvi amtazame kikande. Samaki huyu mwenye ngozi ngumu, ambaye wengi humtupa ndani ya ngalawa bila kumfikiria, hula wale viumbe wa miiba mirefu wanaojibanza kwenye mashimo ya mwamba na kuchoma nyayo za watu. Huwapindua, akawavunja upande wa chini usio na miiba mingi. Mtafiti Tim McClanahan na wenzake, waliochunguza miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa, walionyesha kinachotokea kikande akivuliwa mpaka akaadimika: wale wa miiba huongezeka kupita kiasi, na kwa kulakula kwao huumomonyoa mwamba. Mwamba ukiliwa, tafi na changu hawana pa kujificha. Ndipo watu husema bahari imechoka, ilhali bahari haikuchoka, imenyang'anywa kikande.

Tena kuna suala la ukubwa. Samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa wakijumlishwa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakubwa wao hugeuka madume, kwa hiyo anayevua wakubwa tu anawamaliza madume. Penye kuvuliwa kila siku ni nadra samaki kufikia ukubwa huo. Penye kuachwa hufikia, na mayai na vifaranga vyao hupeperushwa na mkondo unaopanda kaskazini kando ya pwani yetu, bila kuujali mpaka wa hifadhi. Wakubwa nao hutoka. Kwenye hifadhi ya bahari ya Mombasa, utafiti ulikuta madema yaliyotegwa karibu na mpaka yakipata samaki zaidi kuliko ya mbali.

Na huu uzamiaji, ni wa Mzungu tangu lini? Vijana wa pwani hii huzamia kwa pumzi zao tu wakitafuta majongoo wa bahari. Wapo pia wenyeji wa Shimoni na Mkwiro waliojifunza mitungi, ambao leo wanashuka kupanda vipande vya matumbawe pale mwamba ulipovunjika.

Uchungu niliotaja mwanzo unabaki, na una haki ya kujibiwa. Mzee aliyezoea kuvua pale kabla ya hifadhi kutangazwa miaka ya 1970 alipoteza eneo lake, na fedha za watalii hupita mbele ya mlango wake zikielekea kwingine. Boti zinazowakimbiza pomboo ili mgeni apate picha nazo ni aibu. Haya ni madai ya mgawanyo wa mapato na ya usimamizi, na wanakijiji wana kila sababu ya kuyasimamia kwa nguvu. Kuifungua Kisite kwa nyavu hakutayajibu hata moja.

Wengine husema ulinzi hauna faida, maana joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe ndani ya hifadhi kama nje. Ni kweli, joto halina mpaka. Lakini tumbawe changa likitafuta pa kushika linahitaji jiwe lisilofunikwa na mwani, na wanaolisafisha jiwe hilo ni pono na kangaja. Hao tunawavua kila siku. Kisite ni mojawapo ya mahali pachache Kwale ambapo bado wanaachwa wafanye kazi hiyo.