WAKIACHANA, NG'OMBE NA PAKA WANA KOSA GANI?



Ndugu zetu Waislamu, kina baba, kina mama na nyinyi wanafunzi! Talaka ikitoka majumbani mwetu tunagombania shamba, mabati na watoto. Mnyama hatajwi, ila auzwe haraka ili mwenzake asimpate, au aachwe na njaa kwa kuwa "ni wa fulani". Sisi tunasema waziwazi: hiyo ni dhulma, na talaka haiihalalishi.

Hapa Mudende, karibu na volkano ya Karisimbi, ng'ombe ni maziwa ya watoto na karo ya shule. Utasikia, "Mume ndiye aliyenunua, basi ni wake." Sivyo kila mara! Kama alimtoa kuwa mahari ya mkewe, ni mali ya mke. Someni Surat An-Nisaa, aya ya 4 na ya 20. Na kama ametoka katika mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006, ndama jike wa kwanza anasubiriwa na jirani maskini. Kumuuza kwa hasira za talaka ni kula haki ya mtu asiyehusika na ugomvi wenu.

Na paka je? Mtu anafunga nyumba kwa kufuli, anarudi kwao, paka yumo ndani! Hatukusikia habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie? Mtume (S.A.W.) ametueleza, wakapokea Bukhari na Muslim. Mafakihi nao wamesema kumlisha mnyama ni wajibu wa mmiliki. Akishindwa amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa.

Basi wale wasuluhishi wawili, wa upande wa mume na wa mke, waliotajwa katika An-Nisaa aya ya 35, wakishindwa kupatanisha wasiondoke kabla ya kuuliza: nani atamlisha mnyama usiku huu? Kisha waandike ni wa nani. Waliofunga ndoa ya serikali, mahakama itagawa mali kwa utaratibu waliouchagua siku ya ndoa. Lakini kesi huchukua miezi, na ng'ombe anataka majani leo.

Mnyama hana ulimi wa kushitaki kwa hakimu wa duniani. Tumuogope Hakimu asiyehitaji shahidi.

Wabillahi tawfiq.