TP za programu: mashini inakorije, lakini sifuri ni ya nani?

Asistanti mwenye kufundisha programu akipokea TP za wanafunzi 200, na kila moja aisome dakika 6, hiyo ni masaa 20 ya kazi, bila kuhesabu siku umeme umekatika. Ndiyo maana wazo la kuachia mashini ikorije si la leo: Jack Hollingsworth wa Rensselaer Polytechnic Institute, Marekani, aliliandika tangu 1960, wakati wa kadi za matundu.

Sasa inafanyika hivi. Faili zote zinawekwa katika folda moja. Asistanti anaandika amri moja kwenye terminali. Ordinateri inapakia faili moja moja, inaita fonksio yenye wanafunzi waliombwa kutengeneza, inalinganisha majibu, inaandika pointi. Haiombi intaneti, basi haikule mega za mtu.

Shida iko wapi? Katika Python, kupakia faili si kuisoma tu, ni kuitumikisha. Mwanafunzi akiacha input() nje ya fonksio, mashini inasimama kungojea mtu aandike kitu, na wale wenye kuwa nyuma yake hawakorijiwi. Kitanzi kisicho na mwisho, ni vile vile. Mstari mmoja mubaya unaweza hata kufuta faili za wengine. Jina pia lina maneno: import ya kawaida haikubali faili yenye kuitwa tp-1.py, juu ya ile alama ya kutoa. Mutoto amefanya hesabu sawa, anapata sifuri.

Dawa zipo. Kwenye Linux, amri timeout 10 inakata programu kisha sekunde 10. Importlib inapakia faili kwa kufuata mahali iko, hata jina likiwa na ile alama. Na kila TP inomba itumikishwe peke yake, katika konti isiyo na ruhusa ya kugusa faili zingine.

Lakini dawa kubwa ni kanuni. Wanafunzi wapewe mapema jina la faili, jina la fonksio, na jaribio moja la mfano wajipime wenyewe. Na kila sifuri ya mashini isomwe na mtu mbele ya kubandika pointi. Kisha kubandika, inabaki rekuri tu, na hapo ni mwanafunzi ndiye anabeba muzigo wa kuonyesha kama kazi yake ilikuwa nzuri.