Mastaa wa "tulinde amani" wafungue komenti kwanza

Tangu intaneti irudi Novemba 3, 2025, kuna posti moja imekuwa kama sare ya shule kwa mastaa wa Bongo. Njiwa mweupe, bendera ya taifa, na maneno "tulinde amani yetu". Ukishuka chini utoe maoni yako, komenti zimefungwa.

Sasa hiyo ni amani ya nani?

Watu hao hao muda si mrefu walikuwa majukwaani, kofia kichwani, mkoa kwa mkoa. Chadema ilikuwa nje ya uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu yuko ndani kwa kesi ya uhaini, mtandao wa X umefungwa tangu Mei. Machawa hawakuuliza hata moja. Wao ilikuwa shangwe tu. Oktoba 29 vijana wakaingia barabarani, intaneti ikazimwa, watu wakauawa. Novemba 1 Tume ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66. Mtandao uliporudi, vijana wakaulizana kwanza nani mzima, kisha wakaanza kuanfolo. Akaunti za wakubwa zikaporomoka mchana kweupe.

Wanaowatetea wanasema staa naye ni mwananchi, ana haki ya kuwa na chama. Sawa kabisa. Na kuchoma duka la mtu kisa chama chake ni uhuni, hapo hakuna mjadala. Ila staa akitangaza sabuni, kila mtu anajua kalipwa. Alipotangaza mgombea alijifanya anaongea kutoka moyoni. Hapo ndipo shabiki alipopigwa. Miaka yote kanunua tiketi, kachoma bando kutazama video zake, kagombana na washikaji kwa ajili yake, akidhani yule ni mtu wake. Kumbe alikuwa bidhaa, anauzwa kwa vichwa.

Wangepanda gari waende Sigi, kule Muheza, Usambara Mashariki. Kuna Amani kweli kule, ndiyo jina la msitu, na unaingilia Sigi. Mto Sigi unatoka huko juu, unashuka hadi bwawa la Mabayani, ndiyo maji ya watu wa Tanga mjini. Miaka ya 2003 na 2004 dhahabu ilionekana Sakale, watu wakavamia vijito wakachimba kama vile huku chini hakuna anayekunywa. Wa juu anasaka riziki, wa chini anamwona mharibifu. Nani amwamini nani?

Kuaminiana kule hakukuletwa na mabango. Wakulima wana umoja wao, UWAMAKIZI, wanatunza kingo za mto na kupanda miti, na mamlaka ya maji ya Tanga inawashika mkono kwa sababu inajua maji yake yanatoka kwao. Jambo la jasho, la miaka. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ikauza hatifungani ya kijani, ikitafuta shilingi bilioni 53.12. Zikaja bilioni 54.72. Hela haina urafiki, haiendi pasipoaminika.

Mastaa wao wanataka kuaminiwa tena kwa njiwa wa kudownload. Hata Rais Novemba 14 alisimama bungeni akatoa pole na kutangaza tume ya kuchunguza. Staa anayeishi kwa pesa za vijana wale wale, neno pole limemshinda! Anaogopa kupoteza dili, huku ameshapoteza watu waliomfanya apewe hilo dili.

Aanze na vitu vidogo. Afungue komenti, asemwe wiki nzima, avumilie. Aseme alilipwa shilingi ngapi kupanda lile jukwaa. Atoe pole kwa waliofiwa bila kuanza na "lakini". Akimaliza aje Tanga aweke shoo Mkwakwani, tiketi buku tano, ahesabu mwenyewe vichwa vilivyokuja.