Mwenye baiskeli, anza na taa ya nyuma

“SIKUMWONA, daktari.” Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa madereva waliomleta kwangu mtu waliyemgonga usiku. Huenda nikakushangaza, mpenzi msomaji, nikisema kwamba aghalabu huwa wanasema kweli. Si kwamba walikuwa walevi. Aliyegongwa alikuwa na koti jeusi, juu ya baiskeli nyeusi, na nyuma yake hakukuwa na hata cheche ya mwanga.

Hapa Nairobi jua hutua mwendo wa saa 12.30 jioni, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, giza huingia ghafla. Hiyo ndiyo saa ambayo wafanyakazi wa Eneo la Viwanda hurejea makwao kupitia barabara ya Jogoo na ile ya Outer Ring. Asubuhi mambo ni yayo hayo, kwani anayetakiwa kazini saa 12 hutoka nyumbani gizani.

Hebu tufanye hesabu. Gari linaloenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja na nusu kutambua kilicho mbele yake na kukanyaga breki. Kufikia hapo gari limekwenda mita 33 na bado halijaanza kupunguza mwendo. Hadi lisimame kabisa, kwenye lami kavu, litakuwa limekwenda karibu mita 70. Naye mtu aliyevaa nguo nyeusi, akimulikwa na taa zilizoinamishwa, mara nyingi huonekana akiwa umbali wa mita 40 au chini ya hapo. Isitoshe, dereva akimulikwa machoni na gari linalotoka upande wa pili, hupita sekunde kadhaa kabla hajaona vyema tena, na umri unaposonga muda huo huwa mrefu zaidi.

Wengi wanaonunua taa hununua ile kubwa ya mbele. Siwalaumu, maana mashimo ya barabara zetu tunayajua. Lakini gari linalokuja mbele yako unaliona wewe mwenyewe, na unaweza hata kutoka barabarani. La nyuma hulioni. Iwapo pesa zako zinatosha taa moja tu mwezi huu, nunua nyekundu ya nyuma, na ile ya mbele isubiri mwezi ujao.

Wazee wetu walitegemea dinamo ya volti 6 iliyosugua gurudumu. Sifa yake kubwa ni kwamba haikuhitaji mawe ya tochi. Ila gurudumu likisimama, taa nayo huzima, na hapo umesimama katikati ya barabara ukingoja kukata kulia, gizani. Siku hizi afadhali taa ndogo za LED. Balbu ya zamani yenye uzi hula mawe haraka, na yakiisha nguvu hufifia polepole hivi kwamba mwenye baiskeli hatambui. Taa ya LED inayomweka kwa mawe mawili madogo yaweza kukaa makumi ya saa.

Usikubali mawe ya bei ya chini kabisa. Yale ya alkali hugharimu zaidi lakini hudumu mara kadhaa kuliko hayo. Kama una stima nyumbani, taa inayochajiwa kwa waya wa simu itakupunguzia gharama, mradi uwe na siku maalum za kuichaji, kwa sababu nyingi za aina hiyo hazififii bali huzima ghafla. Taa zinazotumia betri bapa mfano wa kifungo cha shati sizipendi palipo na watoto. Betri hiyo ikikwama kooni huweza kuunguza umio katika muda wa saa mbili. Mtoto akiimeza usimtapishe, wala usingoje asubuhi. Mkimbize hospitalini.

Taa hata iwe nzuri namna gani, haina faida ikifichwa. Nimewaona wachukuzi wa mikate, maziwa na magunia ya makaa wakiwa na taa chini ya kiti, na mbele ya taa hiyo kumesimama kreti. Ifunge nyuma ya mzigo wenyewe. Kisha mwombe jirani aishike baiskeli usiku, nawe urudi nyuma hatua 100 utazame. Inayomweka huvuta jicho la dereva, na isiyomweka humsaidia kukadiria umbali, kwa hivyo mwenye uwezo na afunge zote mbili. Fulana ya manjano hung'aa mchana. Usiku kinachofanya kazi ni ile mistari yake ya fedha inayorudisha mwanga. Mistari kama hiyo ukiifunga kwenye vifundo vya miguu, dereva huona kitu kinachopanda na kushuka, akajua upesi kuwa huyo ni binadamu.

Nina neno pia kwa waajiri. Kuna wanaowapa wachukuzi wao sare ya samawati iliyokolea, yenye jina la kampuni mgongoni, lakini taa hawawapi. Hata magazeti ya asubuhi, labda hili ulilolishika, kuna yanayofika kwa muuzaji kwa baiskeli kabla ya mapambazuko. Taa ndogo nyekundu ni bei ya chini kuliko picha moja ya eksirei ya mguu katika hospitali ya kibinafsi. Kwa maoni yangu baiskeli ya kazi isiyo na taa isiruhusiwe kutoka langoni.

Mwaka jana mlinzi mmoja wa usiku alikuja kwangu kukaguliwa mguu uliokuwa umetolewa plasta. Nilimwuliza kama amenunua taa. Akaitoa mfukoni kwa fahari, akanieleza kwamba huiondoa kila anapoegesha baiskeli kwa sababu ya wezi. Niliibonyeza. Ilitoa nukta hafifu ambayo hata ndani ya chumba changu haikuonekana vizuri. Hakuwa amejua, kwani akiwa barabarani taa hiyo huwa mgongoni kwake. Ilikuwa saa 11 jioni, na zamu yake ilianza saa 1. Nilimwambia apitie dukani kwanza.