Bomba Jipya, Mto Uleule

Mradi wa maji wa Miji 28, ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022 kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka India, unakusudiwa kuyafikisha maji ya mto Pangani kwa wakazi wa miji ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Kwa Handeni hiyo ni haki iliyochelewa. Tangu miaka ya 1970 mradi wa Handeni Trunk Main, maarufu kama HTM, umekuwa ukichota maji ya mto huo wilayani Korogwe na kuyasukuma kwa pampu hadi Handeni, lakini kadiri mitambo ilivyochakaa na watu walivyoongezeka, vijiji vingi vilibaki kutegemea malambo, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya mvua, ambako ndoo ya lita 20 hujazwa pale pale ng'ombe wanaponywea na kukanyaga tope.

Hata hivyo, bomba kubwa haliongezi maji mtoni. Maji yanayoteremka kutoka Kilimanjaro na Meru hupunguzwa na mifereji ya umwagiliaji, hukusanywa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na yakishapita Korogwe husubiriwa na mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, kisha na wakazi wa mlangoni mwa mto, ambako maji baridi yakipungua chumvi ya bahari hupanda mtoni.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 imekwisha kupanga foleni: kwanza matumizi ya nyumbani, pili akiba ya mazingira, yaani kiasi kinachopaswa kubaki mtoni ili samaki, ardhioevu na uoto wa kingo visife, na tatu shughuli za kiuchumi. Kwa mpangilio huo, mama wa Handeni na samaki wa Pangani hawashindani, kwa sababu maji ya kunywa na kupikia ni sehemu ndogo ya yanayotumika bondeni, ilhali mtumiaji mkubwa kuliko wote ni umwagiliaji, ambao katika mifereji ya udongo hupoteza maji mengi kabla hayajafika shambani.

Kwa hiyo kazi nzito ni ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo hutoa vibali vya kutumia maji: inapaswa kuhakikisha kwamba kila mfereji mkubwa una kipimo, kwamba anayezidisha kibali chake anawajibishwa, na kwamba kiasi cha maji kinachopita Korogwe wakati wa kiangazi kinatangazwa hadharani. Handeni nayo isiyatelekeze malambo, kwani mifugo ikinywea huko, maji ya bomba yatabaki kwa watu. Bomba likizinduliwa huku mifereji haipimwi, wananchi watakuwa wamepewa maji ya masika tu.