Mshipa Umezibuliwa, Kazi ya Familia Imeanza



Mgonjwa akirudi Nchelenge baada ya kuzibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti (kibomba kidogo cha wavu wa chuma kinachouacha mshipa wazi), jamaa hukusanyika, hushukuru na kusema: amepona. Kwa maoni yangu tunaharakisha. Mshipa umefunguka, lakini maradhi yaliyouziba bado yapo.

Jambo kubwa ni dawa. Aliyewekewa stenti hupewa dawa mbili za kuzuia damu isigande, aghalabu aspirini na klopidogreli, mara nyingi kwa miezi 6 hadi 12 kama daktari alivyopanga. Akiziacha mwenyewe, damu inaweza kuganda ndani ya stenti, mshipa ukaziba ghafla, na mtu akafariki. Na huku ziwani sababu za kuziacha hazikosekani. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na fedha hupungua nyumbani. Mwingine hujiona mzima, akasema dawa za nini tena? Mwingine hutokwa damu kidogo kwenye fizi, akaogopa, na hana wa kumuuliza.

Wa kumuuliza yuko Lusaka, iliko Hospitali ya Taifa ya Moyo, takriban kilomita 1,000 kutoka hapa. Anayeishi kisiwani Kilwa huanza kwanza na mashua. Nani atasafiri hivyo kwa swali la dakika tano?

Ndiyo maana nasema simu ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, wala isiwe fadhila ya daktari mwenye huruma. Wala si lazima mitambo ya gharama. Utafiti wa Sydney, Australia, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusisha wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo. Waliotumiwa ujumbe mfupi wa simu mara 4 kwa wiki kwa miezi 6, presha na lehemu yao zilikuwa chini kuliko za wenzao, na wavutaji sigara walikuwa wachache zaidi. Ujumbe mfupi tu!

Basi familia ifanye haya:

1. Kabla ya kutoka hospitali, ombeni namba ya kupiga na siku za kupigiwa.
2. Chagueni mtu mmojà wa kushika simu, na daftari la dawa na presha.
3. Nunueni kipimo cha presha, hata kwa kuchangiana.
4. Wekeni akiba ya dawa kabla ya Desemba.
5. Kabla ya Ramadhani, mpigieni daktari kuhusu funga na saa za dawa. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yetu, asijidhuru.

Tahadhari: simu haichukui nafasi ya hospitali. Kifua kikibana, pumzi ikikata, jasho baridi likimtoka, au damu ikitoka bila kukoma, msisubiri siku ya kupigiwa. Mpelekeni mara moja hospitali ya St. Paul's, Kashikishi, au kituo kilicho karibu.

Tumechanga nauli na gharama za matibabu. Tusishindwe na vocha ya simu.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.